Mgongo Wangu na Msimu wa Ulanzi

Nina miaka sabini na moja, sijawahi kulewa, na masika yaliyopita kijiji kizima kilikubaliana kwamba mimi ni mlevi. Mimi nami nikakubali. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wazee wawili wa kanisa, chai ikiwa mezani. Wapo wanaosema siku ile akili zilikuwa zimeniruka. Mimi naona sijawahi kupiga hesabu kwa makini kama nilivyopiga siku ile, na nimefundisha hisabati shule ya msingi miaka thelathini na minane.

Naishi ndani kidogo kutoka Nyololo, ukiacha lami na kupanda upande wa misitu ya mipaina. Nina nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje, banda la kuku, matuta ya viazi, na nyuma ya hayo yote kuna mianzi aliyoipanda marehemu mume wangu. Kwetu mwenye mianzi ana ulanzi, atake asitake. Mvua zikikolea, mgema anakata ncha ya chipukizi, anatundika mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi, na maji ya mwanzi yanadondoka humo kutwa. Yale ya asubuhi ni matamu, hata mtoto anaonjeshwa. Yakilala siku mbili, mtu mzima anaimba njiani peke yake.

Kwa hiyo kuanzia Januari hadi mvua zinapokatika, ukimwona mtu anakwenda upandeupande kwetu, huulizi. Unampisha. Akianguka mtaroni unamwinua, unamfuta matope, unamwelekeza kwake. Hakuna anayewaza malaria, wala njaa, wala kizunguzungu. Mwezi wa Agosti ukipepesuka watu wanakupa pole na kukuuliza umekula nini. Mwezi wa Februari ukipepesuka wanacheka na kuuliza umekunywa kwa nani.

Mimi sinywi. Niliwahi kuonja kwa shangazi nikiwa binti, ukanichefua, nikamwachia shangazi. Mianzi yangu inagemwa na jirani, mwanamume wa makamo niliyemfundisha darasa la tatu, na ulanzi wote ni wake. Malipo yangu ni kwamba ananipalilia viazi na kunisalimia vizuri.

Sasa mgongo. Ulianza kuuma nikiwa bado kazini, nikadhani ni kiti cha ofisini, maana kilikuwa na miguu mitatu na tofali moja. Nilipostaafu nikadhani ni jembe. Nilipopunguza jembe nikadhani ni baridi. Nilimsingizia kila mtu isipokuwa umri. Maumivu yalikaa kiunoni, yakashuka kwenye matako, yakafika nyuma ya paja, na baadaye nyayo zikaanza kuwa nzito na nene, kana kwamba nimevaa soksi mbili mbili hata nikiwa peku. Nikaanza kutembea miguu ikiwa imeachana, mwili umeinama mbele kidogo, mkono ukitafuta ukuta. Nikisimama wima sana, maumivu. Nikigeuka ghafla, dunia inageuka zaidi yangu.

Nilianguka mara ya kwanza kwenye ngazi ya jikoni, mara ya pili bandani, kuku wakinitazama. Sikumwambia mtu. Mara ya tatu nilianguka sikukuu ya Krismasi mbele ya binti yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Mbeya na mumewe na watoto. Nilikuwa nimebeba sinia la pilau. Pilau lote likaenda kwa mbwa wa jirani, na mimi nikapelekwa Mbeya.

Hospitalini walinipiga picha, kisha nikapelekwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya kwaya. Aliniambia nisimame, miguu pamoja, mikono kifuani, nifumbe macho. Nikaona huu ni mchezo wa chekechea. Nikafumba macho, na kabla sijafika hata hesabu ya tano nilikuwa mikononi mwake.

"Ndaga fijo, bibi," akasema, yaani ahsante sana, kana kwamba nimemletea zawadi.

Akanieleza polepole, na namshukuru kwa hilo, maana wengi wakimwona mzee wanapandisha sauti badala ya kufafanua. Alisema kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kitu kama kijimto, na vijimto vyangu vimechakaa, vingine vimekwisha. Mifupa imekaribiana, mishipa ya fahamu inabanwa. Mwili wa mtu unajua mahali ulipo kwa njia tatu: macho, masikio kwa ndani, na habari zinazopanda kutoka miguuni na mgongoni. Kwangu habari za miguuni zinachelewa, na njiani zinakutana na maumivu yanayopiga kelele.

"Kama darasa lenye vurugu," nikamwambia. "Kiranja anataja majina na hakuna anayemsikia."

"Hapo hapo, bibi. Sasa umebaki unategemea macho. Ukiyafumba, au pakiwa na giza, au ukigeuka haraka, mwili hauna wa kumuuliza."

Akanipa mazoezi, akaniambia nitoe mikeka inayoteleza, na akanipa mkongojo. Nimeshika fimbo maisha yangu yote kwa kazi nyingine kabisa, na sikutegemea siku moja nitakabidhiwa ya kwangu. Nilirudi nao nyumbani kwa basi nikiwa nimeufunga ndani ya kitenge kama bunduki, na nilipofika nikaupa kazi ya kushikilia mlango wa banda la kuku.

Lakini si mkongojo ulioninyima usingizi. Ni maneno ya binti yangu tuliyoagana nayo stendi: "Mama, ukianguka tena, hata mara moja, nakuja kukuchukua. Unahamia kwetu moja kwa moja. Hilo halina mjadala."

Nyumba ya binti yangu ni nzuri, nisije nikaonekana sina shukrani. Ina vigae vinavyong'aa, ina geti, ina televisheni kubwa kama ubao wa darasani. Na huko mimi nina kiti changu. Asubuhi nawekwa kwenye kiti, jioni naondolewa. Nikishika ufagio, dada wa kazi ananinyang'anya kwa adabu. Nikiingia jikoni naambiwa, "Bibi, pumzika." Nilipumzika wiki tatu mpaka nikatamani kugombana na mtu. Kwangu naamka kuku wakinifokea kwa sababu wanajua mwenye pumba ni nani. Naipenda nyumba yangu. Nataka kuamka ndani yake kila siku niliyobakiziwa, na sikuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya kuanguka kidogo hapa na pale. Nikaamua kwamba hakuna mtu atakayeniona nikianguka.

Nilikuwa nimesahau ibada.

Jumapili moja ya Februari tulisimama kwa maombi, na mwinjilisti wetu akianza maombi huwa anazunguka nchi nzima kabla ya kusema amina. Nikafumba macho kama Mkristo. Alipofika kwa wakulima nikaanza kwenda kushoto. Alipofika kwa viongozi wa serikali nikarudi kulia. Alipofika kwa wasafiri nikamdondokea mama wa kwaya begani, naye akaguna. Nikajiweka sawa, nikakohoa, nikajifanya roho imenigusa. Tangu siku ile nikaanza kuomba macho wazi, nikitazama msumari mmoja ulio ukutani juu ya madhabahu. Mungu anisamehe, ule msumari naujua vizuri kuliko zaburi nyingi.

Jumatano yake nilikuwa nakwenda kwenye kikao cha umoja wa wanawake, ambako ndimi niliyekuwa na zamu ya kufundisha neno. Njia ilikuwa na utelezi. Jirani yangu mgema alikuwa anatoka mianzini na mbeta mbili, moja kila mkono, ulanzi wa siku mbili. Nikageuka kumsalimia. Kosa langu ni kugeuka. Mguu ukabaki, mimi nikaenda, naye akaruka kunidaka, na mbeta moja ikanimwagikia kuanzia begani hadi kwenye viatu.

"Mungu wangu, Mwalimu! Umeumia?"

"Sijaumia. Na hujaona kitu."

"Nimeona, Mwalimu. Umeanguka."

"Nimesema hujaona kitu. Endelea na safari yako."

Ningerudi kubadili nguo. Lakini nyuma kulikuwa na mlima, mbele kulikuwa na wanawake ishirini wanaonisubiri, na mimi sijawahi kuchelewa kikao tangu nizaliwe. Nikaangalia mawingu, nikategemea mvua inioshe njiani. Masika yote mvua haikukosa siku hata moja isipokuwa siku ile. Nikaingia ukumbini nikinukia kama kilabu, miguu ikiwa imeachana, mkono kwenye ukuta, nikasema, "Bwana asifiwe," na walioitikia walikuwa wachache. Nikafundisha habari za kiasi. Sikulichagua mimi, lilikuwa somo la wiki hiyo.

Ijumaa wakaja. Mmoja ni mzee wa kanisa mwenye umri unaokaribia sitini, ambaye nilimfundisha kusoma. Mwingine ni mama wa rika langu, rafiki yangu wa siku nyingi, mwenye moyo wa dhahabu na simu isiyopumzika. Namba ya binti yangu anayo. Huwa wanasalimiana kila wiki, wananijadili kama vile hali ya hewa.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene. Karibuni."

Nikawawekea chai na viazi vya kuchemsha. Wakaulizia kuku. Wakaulizia viazi. Wakaulizia mbolea. Nikaona mbolea imezungumzwa muda mrefu mno, nikajua kuna jambo. Yule mzee akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, sisi tumekuja kwa upendo tu."

"Nashukuru. Upendo gani?"

"Kuna watu wameona. Njiani umeonekana unayumba. Kikaoni, samahani sana Mwalimu, ulikuwa unanuka. Na kanisani vilevile, wakati wa maombi, umeonekana unakwenda huku na huku."

"Wakati wa maombi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wote tukiwa tumefumba macho?"

Yule mzee akachukua kiazi.

"Sasa nani alikuwa amefumbua?" nikamuuliza. Darasa la pili alikuwa na tabia hiyo hiyo, sala ya kabla ya uji anachungulia kuona nani kapewa mwingi.

Yule mama akacheka kidogo, akajizuia, akanishika mkono. "Rafiki yangu, tuambie tu. Upweke ni kitu kibaya. Mianzi ipo hapo nyuma, mgema anapita asubuhi na jioni. Shetani hahitaji nauli."

Hapo ndipo nilipopiga ile hesabu. Nikisema ni mgongo, rafiki yangu atamwaga machozi ya huruma, na kabla kuku hawajaingia bandani habari itakuwa Mbeya: mama anaanguka. Kesho yake binti yangu yuko mlangoni. Nikisema ni ulanzi, watanificha. Ulevi wa mwalimu mstaafu ni aibu ya usharika mzima, nani atamwambia binti yake? Ugonjwa unasambazwa, dhambi inafunikwa. Nikainamisha kichwa.

"Nimeteleza," nikasema. "Nitajirekebisha."

Wakapumua. Kwa kweli walifurahi, maana walikuwa wamejiandaa kwa ubishi. Tukasimama kuomba, yule mzee akaniombea ushindi dhidi ya kileo, na kwa heshima yake nikafumba macho. Nikaanza kuyumba. Akanikamata kiwiko akaongeza sauti.

Waliniambia nitapumzika kushiriki meza ya Bwana mpaka nitakapotengemaa, kisha nitarudi kundini mbele ya watu wote, kama desturi. Nikasema sawa.

Wiki zilizofuata sitazisahau. Walevi wenyewe walinipokea kwa taadhima. Kuna mzee mmoja, fundi wa kusuka matenga, ambaye hajawahi kunisalimia zaidi ya shikamoo. Sasa akawa ananipungia kofia kutoka kilabuni. "Mwalimu! Taratibu leo, njia ina utelezi!" Na ajabu ni hii: nikiwa mwalimu mwenye akili zangu nilijikongoja peke yangu kwa miezi, nikishika miti na kuta. Nilipokuwa mlevi, kila mtu alinishika mkono. Wanawake waliosoma kwangu walinivusha kwenye gogo la kijito. Mwenye duka alitoka nje kunisindikiza hadi njia panda. Sikuanguka hata mara moja wiki tatu nzima. Nikajiona mjanja wa kufundisha wengine.

Jumapili ya Chakula cha Bwana ikafika. Benchi langu likanyanyuka lote kwenda mbele, nikabaki peke yangu na vitabu vyao vya nyimbo. Walipiga magoti madhabahuni, wakubwa niliowafundisha na watoto wao niliowafundisha, na mimi nikakaa nikitazama visigino vyao. Nilidhani nitaona ni mchezo tu, maana mimi na Mungu tunajua ukweli. Haikuwa mchezo. Niliumia kuliko mgongo, nikatoa leso nikajifanya nina mafua.

Na kesho yake jirani yangu mgema akaja, hakuingia, akasimama nje ya mlango ameshika kofia.

"Mwalimu, wazee wameniita. Wanasema mimi ndiye nakunywesha. Wamenikanya mbele ya mke wangu."

"Wewe umewaambia nini?"

"Uliniambia sijaona kitu. Nimewaambia sijaona kitu."

Mtu mzima mwenye mvi, amenitii kama bado yuko darasa la tatu, na amebeba aibu yangu nyumbani kwake. Nikamkaribisha, nikamwambia ukweli wote kuhusu mgongo. Alisikiliza akizungusha kofia. Aliponiuliza aseme nini sasa, nikamwambia anivumilie siku chache. Nilijidharau nikiyasema hayo, lakini niliyasema, kwa sababu bado nilikuwa naiona ile nyumba ya vigae na kile kiti.

Hazikupita siku nyingi. Jumamosi mchana nikasikia geti la miti linasukumwa, na binti yangu akaingia na begi kubwa tupu na mfuko wa mchele wa Ubaruku. Hakunisalimia vizuri. Alikwenda jikoni moja kwa moja. Nikamsikia anafunua sufuria, anafungua chupa ya chai, ananusa. Akatoka na kikombe changu, akakinusa mbele yangu.

"Ni maziwa," nikamwambia.

"Mama, unakunywa?"

Rafiki yangu alikuwa amevumilia wiki tatu, kwake hiyo ni rekodi. Kisha upendo ukamshinda, akapiga simu. Hesabu yangu yote ilikuwa na kosa kwenye mstari wa kwanza. Nilisahau kwamba anatupenda wote wawili.

"Sinywi," nikasema.

"Wote wanaokunywa wanasema hivyo."

"Sinywi, mwanangu. Ninaanguka."

Hakuniamini. Akaanza kuniambia habari za mtu wa kanisani kwao aliyepona ulevi kwa maombi na juisi ya rosela. Nikaona hapa maneno hayatasaidia. Nikamwambia aje asimame mbele yangu, karibu, mikono tayari. Nikaweka miguu pamoja. Nikakunja mikono kifuani. Nikafumba macho, nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na nne sikuimaliza. Alinidaka. Tulibaki hivyo, kidevu chake juu ya kilemba changu, moyo wake unapiga mbio nausikia.

"Umeanguka mara ngapi tangu Krismasi?"

Nikamtajia.

"Mama," akasema, "mimi nimekaa kwenye basi njia nzima, kuanzia Uyole mpaka hapa, naomba Mungu nikute ni kweli unakunywa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pombe mtu anaacha."

Nililia, naye akalia, halafu akajifuta uso na kuanza kupanga nguo zangu kwenye begi. Sikumzuia. Magauni, sweta mbili, vitenge, soksi, shuka langu la maua. Nilikaa kitandani nikitazama kabati linavyokuwa jeupe ndani. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba kesho twende kwanza kanisani, kwa sababu siwezi kuondoka huku nikiwa nimemwachia mgema jina baya. Akakubali. Jioni mwenyewe akaenda bandani akautoa mkongojo mlangoni, akausafisha kinyesi cha kuku.

Wakati wa matangazo nikanyoosha mkono. Mchungaji alikuwepo siku hiyo, akadhani nimekuja kurudi kundini, akanikaribisha mbele kwa furaha. Kutoka benchi la nne hadi mbele si mbali, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea na mkongojo mbele ya watu, na kila hatua uligonga sakafu kana kwamba unaitisha mkutano.

"Mimi si mlevi," nikasema. "Jirani yangu hana kosa lolote, naomba aombwe radhi. Niliwadanganya wazee wa kanisa. Mgongo wangu umechakaa, miguu yangu hainisikii vizuri, na nikifumba macho naanguka. Niliona ni rahisi kusema nimelewa kuliko kusema nimezeeka."

Watu hawakujua wacheke au walie. Kisha bibi mmoja wa benchi la mwisho, tuliyekuwa tukimwonea huruma kwa ulanzi tangu masika ya mwaka juzi, akanyanyuka akishika benchi. "Na mimi ni mgongo," akasema. "Nilichoka kuwaeleza." Mzee mwingine akasema kwake ni magoti na kiuno. Kisha yule fundi wa matenga, ambaye huja kanisani kwa nadra, akasimama akasema yeye kwake ni ulanzi kweli, tusimchanganye na wagonjwa. Hapo kanisa lote likacheka, na mchungaji akacheka mpaka akavua miwani. Tulipoambiwa tusimame kwa maombi, akasema wenye migongo wakae, na wanaotaka kusimama wafumbue macho. Nikamtafuta yule mzee wa kanisa. Alikuwa ameyafumba kwa nguvu zote.

Baada ya ibada binti yangu alizungukwa nje. Sikusikia yote. Nilimwona mke wa mgema akimweleza jambo huku akionyesha upande wa nyumbani kwangu na kuhesabu kwa vidole, asubuhi atapita, jioni atapita. Nilimwona rafiki yangu akitoa simu kuonyesha kwamba ina chaji. Walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, kama walivyonishika nilipokuwa mlevi, ila sasa waliniuliza naumwa wapi.

Tulipofika nyumbani binti yangu alipika ule mchele wa Ubaruku, tukala. Kisha akaingia chumbani, akalifungua begi juu ya kitanda, akaanza kurudisha nguo kabatini. Alizikunja upya moja moja, polepole, magauni juu, vitenge chini, soksi kwenye droo. Mimi nilisimama mlangoni na mkongojo wangu, nikiogopa hata kukohoa asije akabadili mawazo.

Alipofika kwenye gauni la bluu na sweta nene, akaacha. Akaviacha ndani ya begi pamoja na shuka la maua. Akafunga zipu, akapiga magoti, akalisukuma begi chini ya kitanda mpaka ukutani.

"Hili libaki hapa, mama," akasema akiwa bado chini, hakuniangalia.

Nikamwambia sawa. Jumatatu akapanda basi peke yake. Begi bado lipo. Kila nikifagia nalivuta kwa ncha ya mkongojo, nafagia mahali lilipokuwa, kisha nalirudisha.